Kioo cha Mama Ana

6 Septemba 2021, Jumatatu

Daktari Louise ameniambia nipunguze chumvi, nipunguze mafuta, na kila siku niandike kitu kilichonikasirisha, ili nikirudi kwake tuone presha yangu inapandishwa na nini. Nimemwambia ningeweza kumjibu papo hapo bila kupoteza karatasi: inapandishwa na watu. Amecheka tu, akaniandikia vidonge.

Basi tuanze. Mimi ni Aruna, fundi wa vioo, mtaa wa Mabanga, hapa Goma. Nakata vioo vya madirisha, vya kabati, vya kujitazamia, na picha za harusi za watu naziweka kwenye fremu. Leo kilichonikasirisha ni maharagwe ya mke wangu Asma, yaliyopikwa kwa amri ya daktari.

9 Septemba, Alhamisi

Kilichonikasirisha: mama mmoja anayeitwa Kahambu.

Nimeitwa na masera, watawa wa kike wa kapela ya Mtakatifu Ana, kanisa dogo kule chini karibu na ziwa. Mkubwa wao, Masera Victoire, ni mama mfupi wa Butembo mwenye funguo nyingi kiunoni. Akitembea unamsikia kabla hujamwona. Kapela yao ina madirisha matano ya vioo vya rangi, vipande vidogo vidogo vilivyoshikwa na vijiti vya risasi. Nasema yale madini laini ya kijivu, si ile risasi ya bunduki. Masera wa zamani waliyaleta kutoka Ubelgiji kwa meli na kwa lori, yakafika mazima. Lakini mwezi wa tano volkano ilipopasuka na sisi tukakimbilia Sake na magodoro kichwani, nyuma yetu ardhi ilitetemeka siku baada ya siku. Vijiti vimelegea. Upepo wa ziwa ukivuma, madirisha yanagonga meno.

Padiri Sikuli naye alikuwepo. Yeye anataka yatolewe yote, yawekwe madirisha ya alumini ya kusukuma.

“Padiri, hizi vioo ziliingia humu mbele wewe uzaliwe,” Masera akamwambia.

“Najua, Masera. Lakini kimoja kikiangukia mutoto kwa kichwa, nitaambia mama yake nini? Kwamba kilikuwa cha zamani?”

Sikupenda, ila niliona ana hoja. Mwishowe wakapatana hivi: dirisha litakalokuwa limekaa imara, halivuji, ifikapo tarehe nane Desemba, sikukuu ya Bikira Maria, litabaki. Lisilokuwa tayari, alumini. Wote wawili wakanigeukia mimi, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kushika kioo cha namna hiyo. Nikasema inawezekana. Sijui nani alisema kwa mdomo wangu.

Ndipo akatokea huyo Kahambu na ufagio wake. Ni mzee, mwembamba kama mti wa ufagio wenyewe. Ndiye anayetunza kapela: anafagia, anabadilisha maua, anajua kila mshumaa umebaki urefu gani.

“Toa viatu, papa.”

“Mama, sikuja kusali. Nilikuja kuangalia vioo.”

“Njo maana toa. Wenye kusali wanatembeaka polepole.” Akatazama kofia yangu. “Wewe ni Mwislamu?”

“Ndiyo, mama.”

“Na Mama Ana, unamujua?”

Nikamwambia kwamba hata kwetu mama yake Mariamu anajulikana na anaheshimiwa. Akafikiri kidogo.

“Sawa. Lakini viatu, toa tu.”

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikavua.

14 Septemba, Jumanne

Mvua ya kwanza ya kweli. Maharagwe tena.

21 Septemba, Jumanne

Tumeshusha dirisha la kwanza, la Yosefu. Meza yangu ni meza ya ping-pong ya masera, iliyokuwa stoo nyuma ya kapela, na Masera Victoire ameniomba nisiikwaruze, kana kwamba kesho wanashiriki mashindano. Natandika karatasi juu ya dirisha, nasugua kwa kipande cha makaa, na mistari yote inajitokeza: hapa ndevu, hapa msumeno, hapa mkono. Kisha nafungua kipande kimoja kimoja na kukilaza juu ya mchoro wake. Ni kazi ya kumvua mtu nguo huku ukimwomba radhi.

Risasi ya kutengenezea vijiti vipya nimeipata kwa mdogo wangu Nuhu, anayeleta samaki kutoka Vitshumbi. Wavuvi wa kule hutumia risasi kuzamisha nyavu, na Nuhu amenikusanyia gunia zima la chakavu. Nilipoiyeyusha leo, stoo nzima ilinuka tilapia. Paka wa masera amekuja, amekaa mlangoni tangu asubuhi, na hakuna aliyeweza kumfukuza.

Kilichonikasirisha: Mama Kahambu. Alisimama nyuma yangu na chai, akasema, “Hapo umepinda.” Nilikuwa sijaanza.

29 Septemba, Jumatano

Mvua. Mama Kahambu. Mvua.

12 Oktoba, Jumanne

Yosefu amerudi ukutani na leo tumemjaribu. Padiri hakutaka kutuma mtu. Alifunga kanzu kiunoni, akapanda ngazi mwenyewe na ndoo, akamwagia dirisha maji kwa nguvu zote, sisi tukiwa ndani tunatazama ukuta. Hakuna tone lililopita. Alishuka amelowa yeye kuliko dirisha.

“Papa Aruna, ile iko sawa,” akasema, na nadhani alifurahi, ingawa fundi wake wa alumini ameshapima madirisha yote.

Daktari Louise amesoma kurasa zangu. Anasema jina la Kahambu limejaa kupita kiasi, je, siwezi kumkwepa? Nimemwambia huyo hakwepeki. Saa ya chai anakuja na chai, na mtu mwenye presha hakatai chai yenye sukari kama ile wakati nyumbani kila kitu kimepigwa marufuku.

20 Oktoba, Jumatano

Leo sina cha kunikasirisha, daktari anisamehe.

Asma alinifuata kazini na mwavuli, akabaki. Wanawake wakikutana, fundi anakuwa fenicha. Nilikuwa nakata vijiti na wao wako kwenye benchi chini ya dirisha la Ana, wanasafisha mboga za masera, na hivi ndivyo nilivyosikia habari za Mama Kahambu.

Alishuka kutoka Butembo akiwa mjane, ana wajukuu tayari, hajui hata kuandika jina lake. Masera walikuwa wakifundisha akina mama kusoma, na kwa kuwa umeme ulikuwa haupo, darasa liliwekwa mahali penye mwanga: pale pale chini ya dirisha la Ana. Na dirisha lenyewe ni hilo: mama aliyevaa kitambaa cha kijani, binti yake amesimama magotini pake na kitabu, kidole cha binti kiko kwenye mstari. Ana anamfundisha Mariamu kusoma.

“Mi nilikuwa natia kidole sawa vile ule mutoto,” Mama Kahambu akasema. “Nikikosea, naangalia Mama Ana. Hakasirikaka. Masera wa wakati ule alikuwa anakasirika sana, kumbe! Lakini Mama Ana, hapana. Nikarudilia. Mpaka nikajua.”

Sasa kila mwaka, tarehe nane Desemba, yeye ndiye anayesoma somo la kwanza mbele ya watu wote. Hajawahi kukosa.

“Ule njo mwalimu wangu,” akamwambia Asma, akaendelea kukata mizizi ya mchicha wa lengalenga.

Nilipotoka nilisimama nikamtazama huyo Ana vizuri kwa mara ya kwanza. Uso wake wote ni kipande kimoja cha kioo, hakizidi kiganja changu. Macho, pua na midomo vimechorwa kwa rangi ya kahawia, mistari michache tu. Ni kweli, hana hasira.

2 Novemba, Jumanne

Siku ya marehemu wao. Hakuna kazi. Asma amenikaangia sambaza, dagaa wa ziwani, amesahau daktari, nami sikumkumbusha.

10 Novemba, Jumatano

Madirisha manne yako ukutani. Yote yamemwagiwa maji na Padiri, yote yameshika. La tatu nilikosea nikageuza kipande cha anga nyuma mbele, na malaika mmoja ana wingu kwenye sikio. Padiri hajaliona. Mama Kahambu ameliona, na badala ya kumwambia ameniongezea sukari.

Limebaki la Ana peke yake. Leo tumelishusha na kulilaza mezani. Mama Kahambu alimkaribia akiwa ameshika mikono nyuma kama mtu aliyeitwa ofisini. Kwa miaka yote alikuwa akimsafisha kutoka chini, kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu.

“Kumbe uko na uchafu, mama yangu,” akamwambia.

Nilicheka. Laiti ningesikiliza.

15 Novemba, Jumatatu

Naandika ili nisipasuke.

Juzi Jumamosi ilikuwa salongo, ile asubuhi ambayo kila mtu mjini anatoka na jembe na ufagio kusafisha mahali pake. Mimi nilikuwa harusini, binti wa binamu yangu anaolewa. Akina mama wa kapela walifika na ndoo. Walifagia, wakapiga deki, wakaosha mabenchi. Kisha wakaingia stoo na kumkuta Mama Ana amelala mezani, kwa mara ya kwanza amefikika kwa mkono.

Mtu wa Goma akitaka kitu king'ae anajua la kufanya. Sufuria iliyoungua tunaisugua kwa mchanga mweusi wa volkano na sabuni, na inatoka kama imenunuliwa leo. Mama zetu walifanya hivyo, wake zetu wanafanya hivyo. Mama Kahambu akachukua konzi ya mchanga, akatia sabuni, na kwa kuwa anampenda, akaanzia usoni.

Kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia. Wanasema akina mama walipiga makofi walipoona uchafu wa miaka unavyotoka. Akasugua tena. Kikatoka kahawia tena. Alipomwagia maji safi ili waone, Mama Ana hakuwa na macho, hakuwa na pua, hakuwa na mdomo. Chini ya kitambaa cha kijani kulikuwa na kipande cha kioo kitupu, cheupe, safi kabisa.

Mariamu alipona kwa sababu wengine walianzia kwenye pindo la nguo na walikuwa hawajamfikia.

Mimi nimeyajua leo asubuhi nilipofungua stoo. Mama Kahambu alikuwa amekaa kwenye kisanduku, nadhani alikuwa ananingoja. Na mimi, badala ya kumuuliza, nilipiga kelele. Nilimwambia ameharibu kazi ya miezi. Nilimwambia hata mtoto hasugui picha kwa mchanga. Nilimwambia sasa Padiri atapata alumini yake. Paka alikimbia. Mama Kahambu alisimama, akaweka funguo za kapela kwenye kona ya meza, akatoka na kuingia mvuani bila kitambaa kichwani.

Nimemsimulia Asma nikitarajia anihurumie.

“Wewe ulikuwa unajua kama ile rangi inaweza kutoka?”

“Hapana.”

“Fundi hakujua, na yeye mwenye kufagia angejua wapi?” Akaniwekea chakula. “Hasira hasara, Aruna. Kula.”

Sikuweza kula, na haikuwa kwa sababu ya chumvi.

18 Novemba, Alhamisi

Maua ya altare yamekauka. Hakuna aliyeyabadilisha. Hakuna chai.

19 Novemba, Ijumaa

Masera Victoire ameomba akina mama walete picha zozote zenye dirisha la Ana, ili tuone uso ulikuwaje. Zimekuja picha za harusi tele, maana kila bibi harusi wa kapela hii amepigwa picha mbele ya dirisha hilo. Na katika kila picha, bila kukosa hata moja, kichwa cha bibi harusi kimekaa sawasawa mbele ya uso wa Mama Ana. Tumeona maharusi wa kila mwaka, shela za kila namna. Ana, tumeona kitambaa tu. Masera alianza kucheka, akashindwa kujizuia, nami pia, mpaka tukafuta machozi.

“Basi uchore wewe, Papa Aruna,” Masera akasema.

Nimekataa. Tulipokuwa watoto wa chuo cha Kurani, kwa babu yangu wa Kasongo, tulifundishwa kwamba mwenye kuchora sura, Siku ya Kiyama ataambiwa aipulizie roho, naye hataweza. Najua, naweka picha za watu kwenye fremu. Lakini picha hufanywa na kamera. Mkono wangu mwenyewe uchore jicho, na jicho lenyewe la mama yake Mariamu? Hapana. Masera hakunisukuma. Alisema anaelewa, kila mtu ana mlango wake wa kupigia magoti.

Padiri amekuja jioni, akamtazama Ana asiye na uso. Nilidhani atafurahi. Alikaa chini kwenye kisanduku cha Mama Kahambu.

“Hata alumini sina hamu nayo sasa,” akasema. “Lakini siwezi kuweka mutakatifu bila uso juu ya watoto. Wataogopa.”

Ikifika tarehe nane akiwa bado hivi, anatolewa. Tumekubaliana, na neno ni neno.

24 Novemba, Jumatano

Mvua. Nimempelekea Mama Kahambu salamu kwa jirani yake. Hazikujibiwa.

25 Novemba, Alhamisi

Subhanallah.

Jana nilileta kile kipande cha uso nyumbani, nimekifunga kwenye mtandio wa Asma. Sikuwa na mpango wowote; niliona vibaya tu kukiacha stoo peke yake. Asubuhi kulikuwa na baridi ya mvua. Asma akakikuta mezani, na kwa mazoea ya mke wa muuza vioo, akataka kukifuta kama tunavyofuta vioo vya wateja: akakiinua, akakipulizia haaa, akatafuta ncha ya kitenge afute. Hakufuta.

“Aruna. Aruna, kuja mbio.”

Kwenye ukungu wa pumzi yake kulikuwa na macho mawili, pua, na midomo. Yalikaa kidogo, yakafifia, yakaondoka. Akapuliza tena. Yakarudi.

Nimewaza siku nzima. Rangi imeondoka, ndiyo, lakini kwa miaka yote ilikuwa imefunika kioo mahali ilipokaa, na pale kioo hakikuzeeka sawa na kwingine. Pumzi inakaa tofauti. Hayo ndiyo maelezo. Lakini tulipokuwa tumesimama pale na vichwa vimegusana, tukipulizia kwa zamu kama watoto, sikuwa na maelezo yoyote.

“Ukifuata hii mistari, haujachora,” Asma akasema. “Alichora mwingine. Wewe unafuata tu. Na pumzi siyo yako.”

“Itakuwa yako?”

Akaniangalia kama anavyoniangalia ninaponunua nyanya mbovu.

“Unajua kabisa itakuwa ya nani.”

26 Novemba, Ijumaa

Baada ya swala nimekwenda kwa Mama Kahambu. Kumbe anakaa Mabanga hapa hapa, nyuma ya kisima cha barabara ya chini. Miaka yote tunapishana sokoni. Nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, imefagiliwa mpaka mawe yanang'aa. Alinipa kiti, yeye akabaki amesimama.

Nimeomba msamaha. Niliyapanga maneno njiani, yakapotea yote, nikabaki na: “Mama, nilikosa. Nilikupigia makelele, na mimi mwenyewe sikujua kama ile rangi inatoka.”

“Ulisema ukweli,” akajibu. “Nilimutoa uso kwa mikono yangu. Mutu alinifundisha kusoma, na mimi nikamusugua kama sufuria.”

“Na somo la tarehe nane?”

“Wasome vijana. Mi nilikuwa nasoma nikimuangalia. Asiponiangalia, siwezi.”

Nikafungua mtandio, nikampa kioo. Alirudisha mikono nyuma, hakutaka kukigusa. Nikamwambia, “Mama, kipulizie.” Alidhani namdhihaki. Nikamwambia tena, polepole, kama mtu anayemwomba mama yake. Akainama, akapuliza.

Sitaandika alivyolia. Aliendelea kupuliza na kulia, na machozi yakawa yanaharibu ukungu, naye anajikaripia kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, anafuta mashavu kwa mkono mmoja na kupuliza tena. Nilitoka nje nikatazama mawe mpaka aliponiita.

“Tunaenda saa ngapi?” akauliza. Alikuwa ameshavaa kitambaa.

1 Desemba, Jumatano

Tunafanya kazi hivi: yeye anapuliza, mimi nafuata mstari mmoja kabla haujafifia, ninainua brashi, yeye anapuliza tena. Tukichoka tunapumzika kwa chai. Chai imerudi, na maua ya altare yamerudi.

Rangi haikuwa rahisi. Ya dukani ingetoka kwa mvua moja, lazima iungue pamoja na kioo mpaka vishikane. Nimesaga magamba ya chuma pamoja na kioo laini kilichosagwa kama unga, nikakoroga kwa siki na gundi. Wa moto ni Havugimana, anayeyeyusha vyuma chakavu na kumwaga masufuria huko nyuma ya soko. Moto unaoanza kulainisha alumini, tumeona, ndio unaoshika rangi yangu bila kuyeyusha kioo. Tumeona kwa hasara: kipande cha kwanza cha majaribio kilipasuka, cha pili kilikunjamana kama chapati, cha tatu kilitoka na malengelenge. Cha nne kilitoka kizuri. Uso wa Ana uko mmoja tu.

4 Desemba, Jumamosi

Leo ameingia motoni, ndani ya mkebe wa chuma, amelazwa juu ya majivu. Havugimana alichochea moto mwenyewe. Mama Kahambu alishika rozari, Asma alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini upande wa pili wa tanuru, na mimi nilikuwa katikati nikifikiri kwamba daktari akipima presha yangu sasa hivi, mashine itavunjika. Mkebe unapoa humo humo mpaka kesho. Hakuna ruhusa ya kuchungulia.

5 Desemba, Jumapili

Mzima! Macho yapo. Nimesugua kwa kidole, nimesugua kwa kitambaa, rangi haitoki. Mama Kahambu alikataa kukitazama. Anasema atamwona Mama Ana akiwa amesimama mahali pake, si kwenye mkebe kama sardini.

6 Desemba, Jumatatu

Dirisha limepanda. Padiri amemwaga ndoo yake, halivuji, na Ana anabaki. Masera Victoire alinishika mikono yote miwili na funguo zake zikalia.

Lakini akina mama walikuja kuangalia, na mmoja akasema, “Mbona mudomo uko wazi?”

Kweli. Ukungu ulikuwa unakimbia, mimi nakimbilia ukungu, na mstari wa mdomo wa juu haukukutana na wa chini. Pana uwazi mdogo katikati. Zamani, wote wanasema, Mama Ana alikuwa amefunga mdomo. Siku ile mezani hatukuuona, jicho lilikuwa karibu mno. Kutoka chini unaonekana wazi. Nimejisikia vibaya sana. Nimemwahidi Masera kwamba baada ya sikukuu nitakitoa kipande cha uso, nitaunganisha mstari, tutarudi kwa Havugimana. Asma anauliza kama moto wa pili hautakipasua. Sijui. Inawezekana. Na Mama Kahambu bado hajamwona.

8 Desemba, Jumatano

Mimi na Asma tumealikwa, tumekaa benchi ya nyuma kabisa karibu na mlango. Usiku ulikuwa wa mvua, asubuhi ikatakata, na jua la ziwa likapita kwenye vioo vyote vitano. Watu walikuwa na kijani na nyekundu kwenye mabega. Sikutazama juu. Nilikuwa natazama kitambaa cheupe cha Mama Kahambu, mbele, upande wa kushoto.

Padiri akakaa. Ulikuwa wakati wa somo la kwanza. Hakuna aliyesimama. Masera Victoire akageuza kichwa kidogo. Msichana mmoja, nadhani aliandaliwa tayari, akaanza kunyanyuka, ndipo Mama Kahambu akasimama, akaenda mwenyewe polepole, akapanda kile kingazi. Akafungua kitabu. Kisha akainua macho.

Alimtazama Mama Ana kwa muda mrefu. Mtoto alikohoa. Asma alinishika mkono. Uso alioupenda kuliko zote duniani ulikuwa umeharibiwa kwa mara ya pili, na safari hii na mimi, siwezi kumlaumu mwenye mchanga na sabuni.

Mama Kahambu akageukia watu. Hakuwa anasoma.

“Miaka yote hii,” akasema, “Mama Ana alinifundisha kimya. Nilikuwa nafikiria labda sisomi vizuri, njo maana hasemi kitu.” Akatazama juu tena. “Leo ananijibu.”

Halafu akasoma. Ana sauti kubwa kuliko mwili wake, na alisoma taratibu, neno kwa neno. Alikosea neno moja, akatulia, akalirudia, akaendelea. Nilikuwa nalia, sioni aibu kuandika. Nilimpenda yule mama kama ninavyowapenda wa nyumbani kwangu.

Aliposhuka hakurudi kwenye kiti chake. Alipita katikati ya kapela nzima, Padiri akingoja, watu wote wakigeuza shingo, mpaka kwenye benchi yetu. Akaniinamia.

“Ule mudomo, papa,” akasema. “Usiufunge.”

Nikamwambia sitaufunga.